Taa ya Yaya

Yaya wangu, dada yangu mukubwa, anapiga telefone kila mangaribi, wakati giza inaanza kushuka hapa Mususa. Haulize kama nimekula. Haulize kama niko muzima. Anauliza tu: "Taa yangu inawaka?" Na mimi namujibu: "Inawaka, Yaya, utazani uko na mugeni." Anacheka, anakohoa kidogo, anasema: "Basi iko muzuri."

Tulibakia sisi babili kwa parcelle, kiwanja ya baba, yeye kwa nyumba ya mbele, mimi kwa ile ya nyuma na mashini yangu ya kushona. Mabwana zetu balishakufa, batoto balienda. Miguu ya Yaya ilipokataa kabisa, binti yake alikuja kumubeba, akamupeleka Beni kwa kumutunza. Yaya alifunga mulango na mukono yake mwenyewe, akanipatia ufunguo. "Nitarudia," aliniambia. "Usiache nyumba yangu ikae giza." Sababu hapa kwetu, nyumba yenye haionekane mwangaza mangaribi, batu banasema mwenyewe alishaihama, na maneno ya kugombania parcelle inaanzia hapo. Yaya hapana ogopa kufa. Anaogopa kuhamishwa kwa nyumba yake angali anapumua.

Ile taa yenyewe ilitoka kwa ujanja ya baba. Zamani, mbele kampuni ya courant ya umeme ifike, jirani mumoja mufanyabiashara alikuwa na groupe, mashini ya kutoa umeme, na kila jioni alikuwa anagawia batu mwangaza. Lakini kila parcelle taa moja, hapana mbili. Baba akasema ndiyo patron, asante patron. Kisha akapanda juu ya nyumba, akafunga câble ya pili kwa ile ya kwanza, akaipitisha chini ya mabati mpaka kwa nyumba ingine. Mama akatundika kitenge nzito kwa dirisha, na jirani hakujua kitu.

Kampuni ilipokuja na poteaux zake, nguzo za waya, ilifunga courant kwa câble ile ile ya baba, haikuangalia kwenye inaendea. Donc nikiwasha kwangu, kwa Yaya nako kunawaka. Interrupteur moja ya kuwashia, nyumba mbili.

Tangu aende, nilikuwa naketi kwa mulango yangu naangalia dirisha yake. Nilijua hakuna mutu. Mais jicho haikuwa inajua. Siku ingine nilikuwa namugombeza kwa sauti: "Yaya, punguza makelele!" Na hakukuwa hata kelele. Ilikuwa inanisaidia.

Mvua zilipoanza, ile câble ikaanza kunuka plastiki ya kuungua. Taa zilikuwa zinatetemeka zote mbili pamoja. Niliogopa, nikaenda bureau ya kampuni kusema. Nilizani batakuja kufunga scotch kwenye inaungua, baende.

Balikuja ma agents babili na ngazi. Mwenye kupanda aligusa câble, ngozi yake ikavunjikia mu vidole.

"Mama, hii kitu ni muzee kuliko mimi!"

"Hata mimi ni muzee kuliko wewe," nilimuambia, "na hakuna mwenye anakuja kunikata."

Balicheka. Baliniwekea câble mupya, nyeusi, ya nguvu. Kisha ule wa ngazi akaona kwenye baba alifungia.

"Hii ingine inaenda wapi?"

"Kwa Yaya wangu."

"Na yeye iko wapi?"

"Beni."

"Basi hapana, mama. Kila nyumba na compteur yake ya kupima umeme, na mwenyewe akuje bureau kuomba. Règlement ni règlement."

Na miguu ile? Na barabara ile ya Beni, yenye kila mutu anajua batu banauawa njiani? Niliomba. Mimi, mwenye mudomo yangu inaogopewa kwa avenue muzima, niliomba mutoto wa batu nikishika ngazi yake. Hakukasirika. "Mama, hii ingekuunguza wewe na nyumba zote mbili," alisema. Ilikuwa kweli, na nilimuchukia juu ya ile kweli. Akakata. Kipande ya baba ikaanguka kwa matope mbele yangu.

Ile mangaribi niliwasha. Yesu Maria, ile mwangaza! Sikupata kuona nyumba yangu vile, hata utando ya buibui kwa kona ilionekana. Mbele, dirisha ya Yaya ilikuwa nyeusi tititi. Nilisimama pale, na moyo yangu ikauma kama siku yenye alienda.

Telefone ilikuwa karibu kulia. Nilijua kwamba kumudanganya Yaya sitaweza, anasikiaka uongo mbele uimalize. Nikatafuta ufunguo. Nikabeba taa yangu ya zamani ya petroli, nikavuka kiwanja, nikafungua mulango wake. Ndani kulinuka vumbi na sabuni yake. Niliweka taa kwa dirisha, nikaketi kwa kiti yake.

Ikalia.

"Taa yangu inawaka?"

"Inawaka, Yaya. Niko pembeni yake."

"Uko kwangu?"

"Niko kwako."

"Unafanya nini kwangu?"

"Naketi."

Nikasikia pumuzi yake kule Beni. Kisha akauliza polepole:

"Na kwako, kumebakia nani?"

Niligeuka, nikaangalia ile nyumba yangu kule nyuma, na mwangaza yake yote.

"Kunawaka tu, Yaya."