Sifa Zilizomfungia Mwanamkasi

Mlingotini, kila palipozungumzwa habari za wake wema, jina la Mwanamkasi halikukosa. Mumewe, marehemu Muharami, alikuwa ametimiza zaidi ya mwaka kaburini, eda ilishakwisha zamani, na bado mjane huyo hakuonekana njiani. Hakwenda sokoni wala harusini. Hakwenda hata pwani kwenye shamba lake la mwani, alilolitunza tangu mwanawe Shamsia yuko mgongoni.

"Yule ndiye mke," walisema akina mama wakitoka darsani. "Mwingine hata kaniki ya msiba haijachuja, keshapaka hina. Mwanamkasi kamlilia mumewe mpaka leo."

Sifa hizo zilimfikia humo humo ndani. Kila aliyekuja kumjulia hali alimletea, kama mtu anavyoleta sahani ya futari kwa jirani. Naye alizipokea ameinamisha kichwa, wao wakaona ni unyenyekevu. Ilikuwa aibu. Alilijua la moyoni mwake, na hakuwa na wa kumwambia.

Siku aliyotolewa eda alikoga, akavaa nguo mpya, akafukizwa udi. Wifi yake Bimdogo, dada wa marehemu, akamshika mkono waende kuwasalimia majirani kama ilivyo ada. Hawakufika mbali. Walipouacha uzio wa makuti nyuma yao, moyo wa Mwanamkasi ulianza kudunda kama mchi kwenye kinu. Vidole vikamfa ganzi, koo likamkauka, macho yakaona kiza na jua liko utosini. Akajua roho inatoka. Akatoa shahada, akangoja.

Bimdogo alimrudisha ndani akimburura. Mlango ulipofungwa, pumzi ikarejea.

Kesho yake alijaribu tena, ikawa vile vile. Akajaribu kwenda peke yake alfajiri, watu wasimwone, ikawa mbaya zaidi. Basi akaacha. Kwanza aliogopa njia. Kisha akauogopa mlango wa uani. Mwishowe ikawa hata kukaa barazani kifua kinambana, akahamia chumbani. Nyumba ni ile ile aliyojengewa na Muharami, lakini kwake yeye ilikuwa inapungua kila mwezi, mpaka ikabaki kitanda, mswala na dirisha ambalo pazia lake halikufunuliwa.

Watu wake walimpenda, na mapenzi yao yakawa kufuli juu ya kufuli. Bimdogo alimchotea maji, akamnunulia samaki, akamfulia. Mtu wa kutunza mwani akatafutwa. Uzio wa makuti ukaongezwa urefu, wapita njia wasimchungulie. Alipotaka jambo hakuwa na haja ya kunyanyuka, alipoogopa hakuna aliyemwambia simama. Usiku na mchana alimshukuru Mungu kwa wifi kama huyo, na usiku na mchana alitamani mtu mmoja amuulize, "Mwanamkasi, hivi wewe unataka kukaa humu?"

Ndipo Shamsia alipopiga simu kutoka Vigwaza alikoolewa. Ilikuwa mimba yake ya kwanza, na mila inasema uzazi wa kwanza ni kwa mama. Ilishapangwa kwamba angekuja Mlingotini ajifungulie hapo.

"Mama, miguu imenivimba," alisema. "Presha imepanda. Mkunga kanikataza safari, kaniambia nisikae mbali na hospitali. Itabidi uje wewe."

"Nitakuja, mwanangu," Mwanamkasi alijibu upesi.

"Kweli, mama? Mama mkwe anasema atanikanda yeye, lakini mimi nataka unikande wewe. Yeye namwonea haya."

Kumkanda mzazi kwa maji ya moto, kumfunga tumbo, kumpikia uji wa pilipili manga, hizo ni kazi za mama mtu. Mwanamkasi alikata simu, akajifunika kanga kichwa kizima. Vigwaza ni mbali, mpaka upite Bagamoyo mjini, Mlandizi, kisha barabara ya Morogoro. Na yeye mlango wa uani ulikuwa umemshinda.

Akamwita shehe Mwinyimvua, mzee aliyewahi kumsomea mara nyingi. Kila alipomsomea alipata utulivu, lakini utulivu ulikomea kizingitini.

"Nisomee tena, shehe," alisema. "Nisomee nifike kwa mwanangu."

Mzee alisoma. Alipomaliza akasema, "Mama Shamsia, dua sitaiacha. Lakini Mtume wetu ametufundisha tutafute dawa. Nenda hospitali ukapimwe huo moyo."

"Watu watasema nimekosa imani."

"Watu hawaendi Vigwaza. Unakwenda wewe."

Bajaji ililetwa mpaka mlangoni. Wakampandisha amefunikwa kanga gubigubi, amefumba macho, Bimdogo kamkumbatia njia nzima kama mtoto anayepelekwa jandoni. Hospitali walimpima moyo, damu na sukari. Daktari akasema moyo ni mzima. Mwanamkasi akalia. Angeambiwa moyo mbovu, angekuwa na la kusema mbele ya watu. Sasa aseme nini?

"Si kwamba huumwi," daktari alimwambia. "Unaumwa, ila si moyo huu tunaoupima kwa mashine. Tuna mwanasaikolojia hapa, ataongea nawe."

Bimdogo akamvuta kanga. "Wifi, saikolojia si ndiyo ya wale wendawazimu wanaookota makopo? Twende zetu."

Lakini Mwanamkasi alikuwa amekaa kwenye kiti, na kunyanyuka ni kutoka nje tena. Kwa mara ya kwanza woga ulimfaa: alibaki.

Mwanasaikolojia alikuwa binti mwenye baibui na sauti ya chini, jina lake Wahida. Alimwamkia shikamoo, akamwomba Bimdogo awangoje nje, akauliza maswali ambayo hakuna aliyewahi kuyauliza. Hofu inaanzia wapi mwilini? Inapokuja, unajiambia nini? Na kabla ya haya yote, siku ya mwisho kutoka bila hofu ilikuwa lini?

Hapo maneno yakamtoka Mwanamkasi yenyewe.

"Nilikwenda kwenye mwani. Maji yamekupwa vizuri, kazi imenoga, tunacheka na wenzangu. Muharami nilimwacha anakunywa chai, mzima. Narudi, naona uani watu wamejaa. Nikadhani kuna mgeni." Alijifuta macho kwa ncha ya kanga. "Kisha nikakaa eda. Siku zote zile nimekaa ndani, hakufa mtu."

"Kwa hiyo ukitoka..."

"Nikitoka, nitarudi nikute watu uani."

Ni yeye aliyesema, na ni yeye aliyeshangaa kusikia. Wahida hakucheka wala hakumwambia kwamba ni upuuzi.

"Mama, wewe ni mkulima wa mwani," alisema. "Maji yakijaa hufika wapi?"

"Hufika mwisho wake, yakapwa."

"Basi hofu nayo ndivyo. Hupanda, hupanda, ikifika mwisho wake hushuka, na haiui. Ila wewe kila siku unaikimbia ikiwa bado inajaa. Hujawahi kukaa ukaiona ikipwa. Usingoje moyo utulie ndipo utoke. Toka nao hivyo hivyo unavyodunda."

Akampa kazi. Kwanza akae barazani mpaka hofu ipande na kushuka, kila siku. Halafu asimame mlangoni, halafu nje ya uzio. Dawa hiyo haikuwa tamu. Kuna siku Mwanamkasi alikaa barazani jasho linamchuruzika, anahesabu tasbihi hadi vidole vinauma, na hofu haikushuka mpaka adhuhuri inaadhiniwa. Kuna siku alifika mlangoni akarudi mbio kitandani, akaapa kwamba haendi tena popote. Wahida akimpigia simu husema, "Kesho anzia pale ulipoishia jana, mama. Usianzie kitandani."

Shamsia naye alipiga. "Mama, mkunga anasema siku zimekaribia."

Baadaye kidogo Wahida alikuja Mlingotini mwenyewe, akaona namna Bimdogo anavyohudumia: maji mezani, chakula mkekani, hata kandambili zinasogezwa.

"Mama Bimdogo," Wahida alisema, "nakuomba jambo gumu. Kuanzia kesho usimletee maji. Ayafuate bombani."

"Bombani? Kule njiani?"

"Kule kule."

Bimdogo aliweka ndoo chini. "Mwanangu, wewe ni msomi na mimi nakuheshimu. Lakini huyu hakai ndani kwa ugonjwa. Anakaa kwa heshima ya kaka yangu. Kijiji kizima kinajua. Darsani wanamtolea mfano. Leo umtoe akapange foleni ya maji na wavulana wanaopiga miluzi? Watasema nini kuhusu Muharami?"

Wahida alimtazama Mwanamkasi.

Mwanamkasi alikuwa amekaa mkekani. Maneno ya wifi yake yalikuwa mazuri, na yalimbana kuliko makuti ya uzio. Akinyamaza tu, heshima inabaki. Ataendelea kuwa mke mwema, na Shamsia atakandwa na mama mkwe.

"Wifi," alisema, na sauti ilitoka nyembamba. "Sikai kwa ajili ya Muharami. Nakaa kwa woga."

"Usiseme hivyo."

"Ndivyo ilivyo. Mnanisifu kwa maradhi. Kila mkinisifu nazidi kuona haya kutoka."

"Kwa hiyo kaka yangu humlilii?" Bimdogo aliuliza.

"Namlilia. Namlilia kila sala. Lakini si yeye aliyefunga huo mlango. Angekuwepo, angekuwa wa kwanza kuniambia nenda kwa mwanao."

Bimdogo alichukua ndoo yake akaondoka bila kuaga. Jioni ile hakuleta maji. Asubuhi yake pia hakuleta, na Mwanamkasi hakujua kama ni dawa au ni hasira. Kiu ilipomzidi alikwenda mpaka nje ya uzio, akatapika, akarudi na ndoo tupu. Siku iliyofuata alifika bombani. Hakupata zaidi ya nusu ndoo ya maji, lakini aliyachota yeye.

Simu kutoka Vigwaza ilikuja asubuhi moja. Shamsia alikuwa amelazwa, uchungu bado, lakini ni leo au kesho. Mwanamkasi akafunga kanga zake, mafuta ya nazi na manjano ndani ya mfuko. Alipofungua mlango wa uani alimkuta Bimdogo amesimama nje, amevaa baibui; Shamsia alikuwa amempigia na yeye.

"Bajaji niiite mlangoni?" Bimdogo aliuliza bila kumtazama.

"Hapana. Wahida kasema nitembee mpaka barabarani."

"Huyo Wahida wako."

Walitembea. Walipopita nyumba za mwanzo hofu ilikuja kama desturi yake, ikamkaba. Kila kiungo kilimwambia rudi, mtu anakufa huko, rudi. Mbele ya Mwanvita, muuza vitumbua ambaye kila juma huketi safu ya mbele darsani, miguu ikakataa.

"Turudi, wifi?" Bimdogo alinong'ona.

"Tukae."

Akakaa chini, mchangani. Mwanvita aliacha kijiko ndani ya karai. "Mama Shamsia? Wewe huyo? Umetoka?"

Watu waliokuwa wakinunua vitumbua waligeuka. Mwanamkasi aliona kwenye macho yao sifa zile zote zikimngoja aseme neno la kuziokoa. Alivuta pumzi, nusu yake haikufika.

"Nimetoka. Naumwa hofu, mwenzangu, tangu nilipotoka eda. Siwezi njia. Nafanya dawa yake."

Mwanvita alimtazama, akamtazama Bimdogo. Mwishowe akasogeza benchi. "Basi usikae chini. Na mimi mamangu alikuwa hivyo, tukasema ana maringo."

Moyo uliendelea kudunda. Mkononi simu ikalia.

"Mama, uko wapi?"

"Niko njiani."

"Njiani wapi? Mlandizi?"

Mwanamkasi aligeuka. Makuti ya uzio wake yalikuwa yanaonekana vizuri kabisa kutoka pale.

"Bado mwanangu, niko hapa kwa Mwanvita. Lakini nakuja. Nitakuja polepole, na nitakuja natetemeka. Mwambie mama mkwe wako asiteleke maji ya kukukanda."

Bimdogo alikaa kando yake benchini, akauchukua ule mfuko akaupakata. Barabarani kwenye bajaji kulikuwa bado mbali, na hakuna kati yao aliyeinuka kurudi.