Kafi Fupi la Tekla

Upande wa kaskazini wa mto Kilombero, pale milima ya Udzungwa inapoteremka mpaka kwenye matete, watu wa zamani hawakuacha mtumbwi juani. Kiangazi kikikaza, waliujaza udongo wa mfinyanzi wakauzamisha kijitoni, ulale majini kama kambale, usije ukapasuka. Mvua zikikaribia, mwenyewe anaufukua. Na mahali ulipolala alipajua mwenyewe tu.

Huko ndiko alikoolewa Tekla. Jina hilo alilipata baadaye sana, mapadri walipombatiza, lakini ndilo lililomkaa. Mumewe, Matimbwa, alikuwa mchonga mitumbwi. Mtu mrefu, mpole, mzito wa maneno.

Mjerumani alikuwa amewachosha watu kwa kodi na kazi za shuruti. Basi wakaja wajumbe wenye dawa: unywe maji haya, risasi itageuka maji. Matimbwa akanywa. Aliporudi nyumbani akiisifu dawa, Tekla akacheka.

"Mimi nimezaliwa mtoni, baba. Maji hayajapata kumzuia hata mbu, leo yamzuie Mdachi?"

Kulipokucha Matimbwa aliutazama wali aliopikiwa, asiuguse. Akachukua mkuki, akaondoka bila kuaga wala kushika mkono wa mkewe.

Sasa, dawa ile ilikuwa na miiko. Aliyeinywa asimkaribie mkewe, asile alichopika. Tekla alilijua hilo. Lakini kila alipotwanga, mchi ulimuuliza: mwiko au hasira? Mwiko au hasira?

Mama mkwe wake, bibi mwenye ulimi kama upupu, hakumpoza.

"Mkamwana, umemcheka mume siku ya vita. Ningekuwa yeye, ningeoa huko huko njiani."

"Na aoe, mama. Ampate atakayeweza kukupikia wewe."

"Huyo hajazaliwa," bibi akasema. Wakacheka, kisha kila mmoja akageuka upande wake asionwe machozi.

Askari wa Mjerumani wakaja. Wakachoma maghala ya mpunga, wakachoma kila mtumbwi walioukuta ukingoni, wapiganaji wasipate kuvuka. Mto ukawa ukuta. Ng'ambo, upande wa Ulanga, moshi ulikuwa ukipanda kila mahali.

Njaa ikaingia. Wanawake wakawa wanashinda kijitoni na matenga yao, wakivua samaki katika madimbwi yaliyobaki. Siku moja Tekla, karibu kabisa na pale alipozoea kuchota maji, akakanyaga kitu laini, na chini yake kitu kigumu. Akainama, akapapasa. Udongo wa mfinyanzi. Ukingo wa mtumbwi.

Waliufukua yeye na bibi. Ndani yake, limefungwa kwa kamba ya magome, lilikuwemo kafi la kuendeshea mtumbwi. Makafi ya Matimbwa yalikuwa marefu kama mwenyewe. Hili lilikuwa jipya, na Tekla alipolisimamisha lilimfika begani.

"Hili si la mwanangu," bibi akasema polepole. "Hili kapimiwa mtu mfupi."

Tekla akakaa palepale kwenye matope, kafi mapajani, akalia kwa sauti. Lakini lilichongwa lini? Kabla hajamcheka, au baada? Mti haukusema.

Mvua zikanyesha, bonde likajaa, sheshe, wale swala wa bondeni, wakakimbilia kwenye vichuguu. Askari walikuwa wameshaondoka. Tekla akawa anavusha watu: wajane, watoto, wazee waliotoka Lupiro wakitafuta ndugu. Kila aliyepanda, Tekla alimuuliza: hujamwona mtu mrefu, mzito wa maneno?

"Mama," mzee mmoja akamjibu, "siku hizi kila mtu mzito wa maneno."

Mpaka mchana mmoja ukasikika mluzi wa kuita mtumbwi. Kwenye matete ya ng'ambo alisimama mtu mrefu, mifupa mitupu, mkono mmoja umefungwa kifuani. Tekla alivuka haraka, lakini alipokaribia akazuia mtumbwi.

"Sogea basi," Matimbwa akasema.

"Sisogei. Ulipoondoka bila kuniaga, ulikuwa mwiko au hasira?"

Matimbwa akafikiri kama ilivyo desturi yake, mpaka mkondo ukaanza kuuchukua mtumbwi.

"Mpaka Lupiro ilikuwa hasira. Mwiko niliusingizia. Halafu nikaona wenzangu wanavyoanguka, ikawa aibu."

"Na kafi?"

"Nililichonga usiku ule ule uliponicheka. Nisingekuwa na hasira, si ningelala?"

Tekla akasogea. Matimbwa alipanda vibaya, akayumba, akanyoosha mkono wake mzima, na Tekla akaushika. Akaushika tu. Kafi lilikuwa limelala miguuni pao, mtumbwi ukielea wenyewe kuteremka na maji.

Kutoka ukingo wa nyumbani bibi akapaza sauti:

"Piga kafi, wee mkamwana! Mtashikana huku nchi kavu!"