Kaboni kwenye Kikapu cha Kahawa

Nilikuwa Muleba, mbele ya sahani ya ndizi na maharage, simu iliponiletea habari kwamba mzee mmoja wa Izimbya amefariki. Wasomaji wa siku nyingi wa safu hii wanamfahamu bila kumjua. Ndiye yule karani mstaafu niliyemcheka hapa, aliyejitia ufundi wa magari akiwa na mvi kichwa kizima. Sahani ikanishinda. Kulikuwa na neno nililopaswa kumwambia, nami nilikuwa nikiliahirisha kila nikipita njia ya kwake.

Siku ile niliyomkuta na kazi yake, pikapu yake kuukuu ilikuwa imeachwa boneti wazi kando ya migomba. Altaneta, kile kifaa kinachochaji betri injini ikiwaka, ilikuwa juu ya meza barazani, imefumuliwa yote. Fundi wa mjini alimwambia anunue nyingine, yeye akajibu kwamba ataitazama kwanza mwenyewe, mtu ambaye miaka yote alishika kalamu tu. Mkewe akaninyooshea kile kikapu kidogo cha wageni, chenye kahawa ya kutafuna. Nikachota bila kutazama, kama tufanyavyo sote, nikatia mdomoni na kuuma. Ilikuwa ngumu kama kokoto, yenye ladha ya masizi.

“Pole waitu, ndugu yetu,” mzee akasema, wala hakutabasamu. “Hiyo ni kaboni ya altaneta. Niliiweka humo isipotee, niende nayo dukani wanipe inayofanana nayo.”

“Na kahawa iko wapi?”

“Chini yake. Chimba.”

Kisha akaipangusa, akanionyesha ilivyolika kwa kusuguana ndani ya altaneta hadi kubaki kipande kifupi. Alisema altaneta nzima haina kosa, kilichoisha ni hicho tu, na kwamba watu wengi hutupa kitu kizima kwa sababu hawakuwa na subira ya kukifungua. Ningekuwa na akili ningeyaandika hayo. Badala yake niliandika juu ya meno yangu meusi na mzee asiyejua kutofautisha spana na kijiko. Mlicheka, mkanitumia ujumbe wa pongezi, nami nikavimba kichwa. Sisi wa kalamu tunamwona upesi mtu anayejifunza, kwa kuwa anayejifunza hukosea hadharani, na sisi makosa yetu tunayafuta kabla hamjaamka. Sikumuuliza hata swali moja dogo, kwamba mbona ana haraka na gari lile.

Jibu nilipewa juzi, baada ya mazishi pale kibanjani kwake, kwenye ile migomba yake. Mkewe alikuwa na kidonda cha sukari mguuni, na daktari alikwisha kutaja kuukata. Kilitakiwa kusafishwa hospitalini Bukoba kila baada ya siku moja, na juu ya pikipiki mguu ule ulikuwa hauwezi kuning’inia. Majirani wenye magari walisaidia mara mbili tatu, kisha wakawa na safari zao.

“Alifungua mara tatu,” mama akaniambia. “Ya kwanza taa ya betri haikuzima. Ya pili mkanda ulilegea. Watu wakipita wanamsomea maneno yako, naye kainama tu. Ya tatu taa ikazima, tukaenda.”

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na huyu aliinama huku tukimcheka. Niliona aibu, nikamwambia mama hivyo hivyo. Aliinuka, akatembea hadi ndani kwa miguu yake miwili, akarudi na ukurasa wa gazeti uliolowa grisi. Ilikuwa safu yangu. Mzee aliutandika mezani akapanga juu yake kila nati na kila bolti, akazizungushia penseli na kuandika namba, ili asisahau ipi imetoka wapi. Mizaha yangu karibu yote ilikuwa imefunikwa.

“Alisema karatasi hii imemsaidia,” mama akasema, “nikuambie asante.”

Ukurasa huo ninao hapa mezani ninapoandika. Nikimkuta tena mtu mzima anajifunza kazi asiyoijua, nitamuuliza kwanza anamfanyia nani.