Saa Niliyoizungusha Kila Nikitawadha

Saa ilinifia mkononi siku ya Alhamisi, alasiri, nimekaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba natawadha. Nilikuwa nimemaliza mkono wa kulia, nikahamia wa kushoto, nikaizungusha kama siku zote ili maji yapite chini yake. Kioo kikafanya ukungu, kikaonyesha mstari mmoja wa kijani, kikazima. Nikakigonga kwa kidole. Nikakipuliza. Nikaenda kuswali, lakini sala ya siku ile naiombea msamaha mpaka leo, maana nilisahau niko rakaa ya ngapi.

Msinicheke. Ile haikuwa saa ya kutazamia muda. Muda mimi naujua kwa adhana na kwa kivuli cha ukuta wa jirani. Saa ile ilikuwa ndiyo ruhusa yangu ya kuishi nyumbani kwangu hapa Gongoni.

Mwaka jana nilianguka shambani Itetemia, kwenye matuta ya viazi, jua lenyewe la saa nne tu. Presha. Waliniokota wanawake wa shamba la pili, wakanipakia kwenye bodaboda, mmoja wao akapanda nyuma yangu kunikumbatia kama gunia linalovuja. Kesho yake mjukuu wangu akaja kutoka Dodoma. Huyu ni mtoto wa binti yangu marehemu. Nimemlea tangu akiwa mdogo, na nimemsomesha kwa michembe, yaani viazi vitamu nilivyokata vipande vyembamba, nikavianika juani mpaka vikakauka, nikauza. Mimi niliishia darasa la nne. Yeye leo ni muuguzi, na madaktari wanamwuliza anaonaje. Nalisema hili kwa kila mtu, hata kwa wasioniuliza.

Akaniambia, "Bibi, chagua. Twende Dodoma ukae na mimi, au uvae hii." Akatoa saa nyeusi ya mraba. "Inasikiliza moyo wako, inaniletea habari kwenye simu yangu kulekule."

Dodoma anakaa ghorofa ya tatu. Niliwahi kukaa kule wiki mbili nikawa nahesabu vigae. Michembe ningeanika wapi, kwenye kamba ya nguo za ndani? Na mume wangu nimemzika hapa. Nikanyoosha mkono wa kushoto. "Haya nifunge, mke mwenzangu." Ndivyo tunavyoitana bibi na mjukuu wa kike, utani wa kugombania babu, hata babu mwenyewe awe alishaondoka.

Masharti yalikuwa mawili. Simu ya kupangusa aliyoninunulia isikae mbali nami, kwa hiyo naifunga kwenye kibindo. Na saa nisiivue hata kidogo, isipokuwa Jumapili asubuhi, siku ya kuichaji.

"Hata nikioga?"

"Hata ukioga, Bibi. Haiingii maji."

Siku ya tatu nilijisahau, nikaivua nikande unga wa maandazi. Unga haujashikana, majirani watatu wako uani kwangu, mmoja ana povu la sabuni masikioni. Mjukuu alikuwa amewapigia wote. Simu yake ilimwambia bibi hana moyo. Niliona haya, nikaapa mbele yao sitaivua tena.

Basi ikakaa. Mwanzoni alikuwa akinipigia kunisifu, "Bibi leo umetembea hatua elfu sita." Nikamwambia babu wa babu yangu alikwenda Bagamoyo kwa miguu na pembe ya ndovu begani, akarudi, na hakuna aliyemhesabia hatua. Alicheka sana. Kisha simu zikapungua. Zamani alikuwa ananiamkia kila alfajiri kabla hajaingia kazini. Baada ya saa, kwa nini apige? Moyo wangu anauona. Sikusema kitu, lakini alfajiri nilikuwa naiweka simu juu ya mkeka, karibu na goti, kisha nairudisha kibindoni haijalia.

Sasa kuhusu kuzungusha. Mama yangu alinifundisha kutawadha nikiwa na bangili za fedha zilizonibana. Hazivuliki, na maji lazima yafike kwenye ngozi, kwa hiyo unazizungusha. Zikigoma, unapaka tone la mafuta ya nazi. Saa nayo niliifanyia hivyohivyo, mara tano kwa siku, miezi minane. Nimeapa sitaivua, na udhu hauna mchezo, sasa mngetaka nifanye nini?

Jioni ya Alhamisi ile, mjukuu alipotoka zamu, simu ikalia. Mkeka wa sala sijaukunja.

"Shikamoo Bibi. Saa iko wapi? Sioni kitu huku."

"Marahaba. Iko kwenye chaji."

"Leo Alhamisi."

"Jumapili umeme ulikatika."

"Haya Bibi. Ikijaa uivae. Kesho nitaangalia."

Sikuwahi kumdanganya mtoto yule, hata mama yake alipokufa. Nilimwambia siku ileile, nikiwa nimemkalisha mapajani. Na sasa nimemdanganya kwa ajili ya saa, udhu haujakauka mikononi.

Ijumaa jua lilipochomoza niliiweka saa kwenye ungo pamoja na michembe. Nilijua kukausha, hiyo ndiyo kazi yangu. Nikaigeuza mara mbili, kama ninavyogeuza viazi. Kufika saa tatu asubuhi ilikuwa ya moto kama kikaango na bado imekufa. Nikaifunga kwenye leso nikaenda kwa fundi saa karibu na soko, nimuwahi kabla hajafunga kwa ajili ya sala ya Ijumaa. Ni mtu wa makamo, kibanda amerithi kwa baba yake, na baba yake ndiye aliyeitengeneza saa ya ukutani ya mume wangu.

"Shikamoo Bi mkubwa."

"Marahaba baba. Nimekuletea maiti."

Akaigeuza, akaisogeza puani. "Mbona inanuka viazi?"

"Ilianikwa."

Akapitisha ukucha kwenye kifuniko cha nyuma. Kikafunguka chenyewe, kama kope. Ndani kulikuwa na maji, na juu ya maji vijiduara vya mafuta. "Hii imebandikwa kwa gundi," akasema, "na gundi imelainika. Bi mkubwa, hebu nionyeshe unavyotawadha."

"Hapa sokoni?"

"Mkono mmoja tu."

Nikamwonyesha kwa maji ya hewa. Nilipofika pale pa kushika saa na kuizungusha, akaweka bisibisi chini, akashika kiuno.

"Mara tano kwa siku?"

"Unanijua mimi wa kuacha sala?"

"Sikujui hivyo. Lakini waliotengeneza hii waliwaza mtu anayeogelea. Mtu wa kuinyonga kwa mafuta mara tano hawakumuwaza."

"Itapona?"

"Siahidi. Nitaikausha, nitaipangusa kutu, nitaibandika upya. Njoo Jumatatu."

Jumatatu. Na mjukuu anaangalia leo. Nilisimama pale kwenye kibanda, wenye baiskeli wananipigia kengele, nikaona uongo wa umeme hautafika Jumatatu, utahitaji wa pili, na wa tatu. Nikatoa simu kibindoni nikampigia mimi mwenyewe.

"Saa imeharibika tangu jana. Nilikudanganya."

Nikasikia vitanda vya hospitali vinasukumwa. "Bibi, nakuja." Akakata.

Jumamosi nilifagia nyumba yote, nikafagia tena. Nikaenda kwa mume wangu makaburini nikamweleza. Jumapili akanipigia akiwa kwenye treni: "Tumefika Igalula." Kutoka pale ni karibu, nikajua nimebakiwa na muda mfupi wa kuwa mwenye nyumba.

Alishuka kwenye bajaji na begi kubwa la magurudumu. Akalinyanyua kizingitini kwa vidole viwili. Begi tupu. Nilijua limekuja kubeba nini.

Hakula kwanza. Akanipima presha, mkono huu na mkono ule, akaandika. Haikuwa mbaya, niliiona kwenye uso wake. Ndipo akauliza, "Kwa nini ulinidanganya?"

"Kwa sababu ya hilo begi."

Akalitazama kama hakujua limeingiaje. Nikamsimulia yote, bangili, mafuta, ungo, fundi. Nilitegemea acheke. Hakucheka.

"Lakini Bibi, si ungeivua tu wakati wa kutawadha? Dakika mbili."

"Uliniambia nisiivue hata kidogo. Nikaapa mbele ya watu, mmoja ana povu."

Akaziba uso kwa viganja. "Mimi ndiye niliyekosea," akasema humohumo viganjani. "Niliogopa. Mama nilimpoteza sijui hata alikuwa anaumwa. Wewe nilitaka nione kila pigo."

Mimi si mtu wa maneno laini, na nilikuwa nimebaki na moja gumu, nikalitoa. "Unaona kila pigo, lakini tangu uninunulie hiyo saa hujaniuliza nimeamkaje. Unanisoma kama mita ya umeme. Nikiisha uniongeze."

Hapo akalia. Nikamwacha alie, kisha nikamwekea michembe ya kuchemsha na karanga, akala huku anapenga kamasi kama alivyokuwa darasa la pili. Alipomaliza akasema, "Fundi akishindwa, tunaondoka wote. Akiweza, unabaki, na masharti tunayapanga upya." Nikasema sawa. Haki yake. Angekuja siku nyingine angenikuta chini kwenye matuta.

Jumatatu tulikwenda wote. Fundi alimwona akajifanya hakuisikia ile simu yangu ya Ijumaa. "Huyu ndiye muuguzi? Kazi ya kukesha na wagonjwa tumeifanya wote, dada." Akabonyeza. Saa ikakaa kimya. Akabonyeza tena, akashikilia. Mjukuu wangu alinishika mkono, na mimi nikatazama vile vyuma vya mezani vilivyotawanyika kama mifupa ya dagaa. Ikawaka. Pembeni ya kioo umebaki ukungu kidogo, kama jicho la mzee, lakini ilipofungwa mkononi ikahesabu.

Begi alirudi nalo Dodoma limejaa: michembe, karanga, chupa ya asali. Lilimshinda kupandisha kwenye treni, akasaidiwa.

Sasa nimepigilia msumari nyuma ya nyumba. Nikikaa kwenye kigoda naivua, naitundika, natawadha kwa nafasi, naikausha ngozi, naivaa. Kwa hiyo mara tano kwa siku nakufa kwenye simu yake, na mara tano nafufuka, na yeye anajua. Na alfajiri anapiga.

Juzi niliisahau msumarini baada ya adhuhuri, nikaenda kupanga viazi kwenye ungo. Simu ikalia kibindoni.

"Shikamoo Bibi. Leo mbona umechelewa kufufuka?"

"Marahaba mke mwenzangu," nikamwambia. "Subiri nimalize ungo huu."