Kimya Kabla ya Kuanguka

Idefonsi, kinyozi wa Runazi, huzipima katuni kwa vichwa. Si kwa kichwa chake, ni kwa vichwa vya watoto anaowakalisha kwenye ubao uliolazwa juu ya kiti ili wafikie kioo. Runinga yake ndogo iko pembeni ya kioo hicho mwaka wa kumi na tano sasa, na katuni zote alizoziona, ameziona akiwa amesimama, mashine mkononi.

Za zamani anazo kwenye flashi iliyofungwa uzi mwekundu. Hazina maneno, ni muziki na purukushani tu: mbuzi mnene na mpishi wanafukuzana, ngazi inavunjika, sufuria inamvaa mtu kichwani. Za sasa huletewa na jirani yake Shilinde, muuza simu, wala hazidharau.

"Aliyechora hizi nywele amewahi kushika kichwa cha mtu," husema. "Unaona unywele mmoja mmoja ukipeperuka! Za zamani nywele ni mstari mweusi, basi."

"Sasa si ufute hizo za zamani?" Shilinde humchokoza. "Weka mpya, mtoto anaganda kama gogo, dakika tano umemaliza."

"Anaganda, ndiyo. Ila hacheki."

"Kwani anakuja kucheka au kunyolewa?"

Swali hilo lilimkaa Idefonsi rohoni. Ni kweli, katuni za zamani zina tabu yake. Mtoto akicheka kichwa kinaruka, na mashine haina utani na sikio.

Jumamosi moja Kezia akaingia akimvuta mwanawe Irakoze, wa miaka mitano. Jumatatu mtoto alikuwa anaanza darasa la awali, na mwalimu alishasema hataki nywele ndefu. Lakini Irakoze aliwahi kukatwa sikio na kinyozi mwingine, na tangu siku hiyo mashine ikinguruma tu, anapiga yowe.

"Msalimie baba."

"Shikamoo," Irakoze akanong'ona, mikono yote miwili masikioni.

"Marahaba, mwanangu."

"Kaka, hapa ni pa tatu tangu asubuhi," Kezia akasema. "Na wewe ukishindwa nampeleka hivyo hivyo, wamrudishe nyumbani."

Shilinde hakungoja kuombwa, akaweka katuni yake mpya. Rangi zikawaka, maneno yakamiminika kama mahindi kwenye debe. Kwao Irakoze wanaongea Kirundi, Kiswahili ndiyo kwanza anajifunza, hayo maneno ya mbio angeyaelewa wapi? Mashine ilipowashwa alipiga yowe hadi Shilinde mwenyewe akaziba masikio.

"Ndilo gogo lako hilo?" Idefonsi akamuuliza.

Akachomeka flashi ya uzi mwekundu. Mbuzi akatembea juu ya paa la jikoni, paa likaisha, yeye akaendelea kutembea hewani, hajui. Irakoze akashusha mkono mmoja. Mbuzi bado hajatazama chini. Saluni nzima kimya.

Hapo Idefonsi akang'amua jambo ambalo labda mikono yake ililijua siku zote: kabla ya kila kuanguka kuna kimya, na ndani ya kimya hicho mtoto hapumui wala hatikisiki. Akawasha mashine, akapitisha mstari mmoja toka kwenye paji hadi utosini, akaiinua. Mbuzi akatazama chini. Pu!

"Mama, raba! Tazama!" Irakoze akaangua kicheko, Kirundi na Kiswahili vikimtoka pamoja. Kichwa kikaruka, lakini mashine ilikuwa juu, mbali.

Ikawa hivyo. Kimya, mstari. Kuanguka, kicheko, mashine juu. Kwenye sikio lenye kovu alisubiri kimya kirefu kuliko vyote, pale mpishi anaponyata na sufuria. Mashine ikapita salama. Wateja wawili walichoka kungoja, wakaondoka.

"Dakika arobaini!" Shilinde akaguna.

"Zako zinakimbia mno, ndugu yangu. Hazina pa kupitishia mashine."

Kezia akampangusa mwanawe poda shingoni. "Haya, shuka twende."

Irakoze hakushuka. Kipara kiling'aa, macho yakiwa kwenye runinga, ambako mpishi naye sasa alikuwa ametoka nje ya paa bila kujua.

Idefonsi akazima mashine, akavuta stuli, akaketi.

"Mwache kidogo, dada," akasema. "Bado hajaanguka."