Mzee Tunza na Seva Iliyovimbiwa

Kazini tulimwita Mzee Tunza, maana hakujua kutupa. Droo yake ilijaa nyaya zilizokatika, betri zilizokufa na funguo za makabati yaliyouzwa zamani. Ukimcheka, anakujibu, "Akiba haiozi."

Asubuhi ile aliingia na koti la kutokea. Saa nne mama yake, aliyekaa miaka sita haoni, angefunguliwa bandeji baada ya upasuaji wa macho. Bibi huyo alikwisha kusema: sura ya kwanza kuiona iwe ya mwanawe.

Seva ikagoma. Tena ile inayosimamia kompyuta pepe zote za ofisi, zisizo na mwili wa kushikika, zinazoishi ndani ya mashine chache kubwa. Moja yao, ya kuhudumia wateja, ilikuwa imezimika, na bila seva hiyo msimamizi hatukuweza kuiwasha. Meneja akasimama mlangoni. "Mzee, huondoki mpaka iamke." Huyo meneja, hata feni huwashiwa.

Tukaizima, tukaiwasha. Inafika nusu, inakata roho. Tukakagua nyaya, saa, nywila. Saa nne ikapita. Saa tano nayo. Mzee Tunza akavua koti, akakaa sakafuni, mgongo ukutani.

"Nimechoka, ndugu yangu. Nimechoka mpaka kwenye mifupa."

Nilimwonea huruma, na nilikasirika pia, sijui hata namkasirikia nani.

Ndipo nikaangalia nafasi ya diski: imejaa pomoni. Zilikuwa kumbukumbu za kila siku za nani kafanya nini kwenye seva, za miaka saba. Kwa kawaida seva hujifutia za zamani. Hii mtu aliiamuru isifute.

"Ni mimi," akasema Mzee Tunza taratibu. "Waliwahi kunilaumu, nikakosa ushahidi."

"Nifute?"

Akalitazama koti lake. "Bakisha za mwezi huu. Nyingine futa."

Dakika kumi baadaye ikaamka.

Nilimpeleka hospitali kwa gari langu, tukafika saa sita na nusu. Bandeji ilikwisha kutolewa. Bibi alikaa kitandani, macho kayafumba kama mtoto anayekataa dawa.

"Tangu saa nne hataki kufumbua," muuguzi akalalamika.

"Mama, nimefika. Nisamehe."

Akafumbua. Akamtazama mwanawe kwa muda mrefu, akampapasa mvi, kisha mifuko ya chini ya macho.

"Mwanangu," akasema, "mbona hukuniambia umechoka hivi?"