Kunde za Mama na Maji ya Betri

Mtu akiniambia sijui kupika, nitacheka. Lakini fundi wa betri aliponiambia mbegu zangu zimekufa, nilikasirika sana. Zile ni kunde za marehemu mama yangu. Alinipa kibuyu kimoja cha mbegu nilipotoka Magharibi kuja jijini kufulia watu nguo mtaa wa Loresho, na kila msimu nimebakiza mbegu, nikazichanganya na majivu zisiliwe na wadudu. Hazijawahi kugoma kuota.

Shamba langu ni kipande tu kando ya kijito, chini ya kibanda cha yule fundi. Msimu ule ziliota nusu, na hizo nusu zikadumaa, zikawa manjano.

"Mathe, hizo mbegu ni za kitambo, zimekufa. Nunua zingine," fundi alisema, huku akimwaga maji ya betri kuukuu kwenye mtaro unaoshuka kwangu.

Nilimweleza afisa wa kilimo niliyemkuta kwenye maonyesho ya kilimo pale Jamhuri. Akasema ndani ya betri kuna madini ya risasi, na yakiingia udongoni huanza kwa kudhuru mzizi. Akanifundisha kupima: sahani mbili, udongo wa shambani kwenye moja, udongo safi kwenye nyingine, mbegu zilezile, maji ya bomba kote.

Siku ya tano nikazichomoa. Za udongo safi zilikuwa na mizizi mirefu, myeupe. Za shambani zilikuwa zimepasuka, zimejaribu kuota, kisha mzizi ukakoma ukiwa mfupi kama ukucha, ncha imekuwa kahawia. Niliumia sana. Mbegu ya mama ilikuwa hai, ndiyo maana ilijaribu.

Nikazibeba sahani zote mbili hadi kibandani, nikaziweka mezani mbele ya wateja wake.

"Mathe, mimi si mwalimu wa sayansi," akasema. "Shamba yako iko sawa."

"Kama iko sawa, chukua hizi." Nilimpa fungu la majani ya kunde niliyochuma shambani asubuhi ile. "Leo ni bure. Ukule na watoto."

Hakunyoosha mkono. Mteja mmoja akaangalia sahani, kisha akamwangalia fundi.

Niling'oa shamba zima siku hiyo, nikilia, kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa mboga yetu. Lakini sikuhama. Napanda kwenye magunia mlangoni kwangu, udongo nimeutoa mbali, na kunde zimestawi.

Juzi fundi alimtuma mfanyakazi wake anunue fungu moja. Nikamwambia arudi, amwambie fundi aje mwenyewe, na aje na jibu: maji ya betri anamwaga wapi siku hizi?